Ukuta Uliolambwa na Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi moja kule Hirbadaw, huku Hanang, nilipoitwa nikaone ng'ombe wakila nyumba niliyoipiga lipu kwa mikono yangu. Mwanangu, sijakosea kusema. Hawakuwa wanakula majani wala pumba. Walikuwa wanakula nyumba. Ng'ombe wanne na ndama mmoja walijipanga kwenye ukuta wa Mama Paskalina kama wako kwenye hori, ndimi zinapanda na kushuka, na kila ulimi unaposhuka unashuka na kipande cha kazi yangu.

Cheka tu. Hata mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Vijana wengi wa kazi hii hunijia na swali moja: Mzee, ukuta ukitaka uwe laini, upigwe lipu gani? Wanataka niwatajie jina la mfuko wa dukani. Huwa nawaambia wakae kwanza, maana jibu langu linaanzia kwenye ndimi za ng'ombe, na mwenye haraka aende akamuulize muuza duka.

Mimi ni mtu wa Endagikot, huko juu Mbulu. Shule niliiacha darasa la nne na sioni haya kulisema, kwa sababu nyumba nilizozipiga lipu zinakaliwa na watu wenye vyeti, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza changu kiko wapi. Nilipoacha shule nilipelekwa kwa mjomba wangu aliyehamia Hanang kutafuta malisho, nikamchungia ng'ombe miaka saba. Hiyo miaka saba nilikuwa naiona ni hasara. Mtu akiniuliza nimesoma wapi, ningemjibu kwa ukali kwamba nimesoma kwa ng'ombe, kisha nageuka nisije nikaulizwa zaidi. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Kutoka kwenye fimbo nikaingia kwenye mwiko. Aliyenipokea ni fundi mmoja, Mzee Lohay, mtu wa maneno machache, na hayo machache yana pilipili. Miaka mitatu nilimbebea maji, nikamchanganyia udongo na saruji, nikamshikia kamba ya kupimia. Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa. Nyinyi mmezaliwa mkaikuta saruji imepangwa dukani kama sabuni. Sisi tuliijua saruji ya kibali: unaandika barua, unasubiri, unaambiwa usubiri tena, na ikija unakuta imeshaganda kuwa jiwe. Halafu tukaona maduka ya Katesh yamejaa bati, misumari, rangi za kopo, na saruji mpaka nje barazani. Kila aliyevuna ngano yake vizuri alitaka nyumba ya lipu. Nyumba ya udongo na samadi, ambayo imetulea sote, ikawa kitu cha kuonea aibu. Mafundi tukawa watu wa kutafutwa.

Mama Paskalina alitutafuta. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Mumewe alipofariki, shemeji yake mkubwa, Baran, alisimama mbele ya wazee wa ukoo akasema mwanamke peke yake hasimamishi nyumba. Arudi kwenye boma la ukoo, na lile shamba la marehemu yeye Baran atalilima. Mama Paskalina akawaomba wazee wampe mpaka Krismasi. Wakikuta nyumba kamili, abaki kwenye shamba lake na watoto wake. Wasipoikuta, atafunga mizigo mwenyewe bila kusukumwa. Wazee wakakubali.

Yule mama alifyatua matofali mwenyewe, akayapanga tanuri, akayachoma. Viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko vyangu, na mimi ndiye niliyekuwa naitwa fundi. Mzee Lohay na mimi tukajenga kuta, tukaezeka bati. Ilikuwa bado lipu tu, ndani na nje, ndipo habari ikaja kutoka Mbulu kwamba dada yake Mzee Lohay amefariki. Akafunga kifurushi chake cha nguo. Kabla hajapanda lori aliniambia hivi: "Bura, lipu utaianza wewe. Mchanga ni wa korongo. Uchekeche mara mbili, uuoshe. Usichukue wa mahali pengine."

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Mdomo ulisema ndiyo. Mwanangu, mdomo ni mwepesi sana wa kukubali, kwa kuwa si wenyewe utakaoshika chekeche.

Mchanga wa korongo ulikuwa wa kahawia, umejaa mizizi na kokoto. Unachekecha siku nzima unapata toroli mbili. Siku ya pili mgongo ukagoma. Akapita dereva mmoja wa lori niliyemfahamu, akanikuta nimeegemea chepe. Akaniambia, "Wewe unajitesa kwa mawe haya? Kule Balangida, ukingoni mwa ziwa, mchanga ni kama unga wa sembe. Narudi mtupu kesho kutwa, nikuletee?"

Akaleta. Nilipouingiza mkono niliona nimepata bahati ya maisha. Ni mweupe, mwororo, unateleza vidoleni. Chekeche nikalitundika. Mama Paskalina alitoka ndani akausogelea ule mchanga, akasema, "Mzee Lohay alisema wa korongo. Huu mbona mweupe?"

Nikamjibu, "Mama, ule ni wa kizamani. Huu ndio wa kisasa."

Miaka yote hii ni sentensi hiyo inayoniuma. Kupata hasara kwa kutojua ni jambo la kawaida kwa binadamu. Kumfunga mdomo mwenye nyumba kwa neno la kujidai, hapo ndipo nilipokosa.

Nikaipiga lipu ile nyumba kwa siku tisa. Juu yake nikapaka niru, ule uji wa saruji tupu unaosuguliwa kwa mwiko mpaka ukuta ung'ae. Ukang'aa kweli. Majirani walikuja kuugusa. Mama Paskalina aliupitisha mkono polepole akasema, "Laini kama shavu la mtoto." Nikatembea Hirbadaw nzima kichwa kimevimba, kofia haitoshi.

Kisha mvua za kwanza zikaja.

Siku ya pili ya mvua niliona ukuta umeota manyoya meupe, mfano wa mkate uliosahauliwa kabatini. Nikafuta kwa kitambaa. Kesho yake yakarudi. Nikafuta tena, sikumwambia mtu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilikuwa naziba kwa kitambaa. Baada ya wiki niru ikaanza kuambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake lipu inamung'unyika ukiigusa. Ndipo ikafika ile asubuhi. Ng'ombe wa jirani walikuwa wakipelekwa kunywa maji, wakaacha njia, wakaja moja kwa moja ukutani.

Nilipofika, Baran alikuwa tayari yuko pale, ameegemea fimbo yake, anafurahi.

"Shemeji," anamwambia Mama Paskalina, "usiwafukuze. Wengine huwapeleka ng'ombe siku nzima porini kutafuta chumvi. Wewe umewaletea mlangoni. Ni sadaka hiyo."

Mama Paskalina alikuwa anawaswaga kwa ufagio. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa, nikwambie ukweli. Alinitazama tu akasema, "Mwanangu, zimebaki wiki tatu."

Basi nikafanya kitendo cha mtoto. Niliuchukua mwiko wangu na blanketi, nikashika njia ya Basotu. Huko kuna ziwa, kuna wavuvi, hakuna anayenijua. Sikuwa na mpango mwingine. Nikafika mahali malori yanaposimama, na kutoka kwenye lori la kwanza lililosimama akashuka Mzee Lohay, amenyoa kichwa kwa msiba, mkononi ana fimbo na kifurushi chake kilekile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unaenda wapi na mwiko, wakati nyumba iko kule?"

Nilimweleza yote. Sikuficha hata lile neno la kisasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuka akaanza kutembea kurudi Hirbadaw. Hakuniambia nimfuate. Nikamfuata.

Tulipofika, alimsalimia mama, akapewa pole ya msiba, akaipokea kwa heshima zote kana kwamba hakuna kilichoharibika. Baadaye akaenda ukutani, akabandua kipande cha lipu, akanipa.

"Onja."

"Mzee?"

"Ng'ombe wameonja. Na wewe onja."

Nikakiweka mdomoni. Kilikuwa chumvi tupu, ulimi ukajikunja.

"Ulichunga ng'ombe miaka mingapi?" akaniuliza.

"Saba."

"Kwa nani?"

"Kwa mjomba."

"Mjomba wako aliwapeleka wapi ng'ombe kulamba chumvi?"

Nikakitema kile kipande. Mwanangu, nilikuwa nimepeleka ng'ombe Balangida mara ambazo siwezi kuzihesabu. Nilikuwa nimekaa juu ya mchanga uleule, mweupe, mwororo, nikiwatazama wanavyolamba ardhi. Hakuna mtoto wa huku asiyejua lile ni ziwa la chumvi. Nilijua. Ila niliposhika mwiko nilidhani elimu ya fimbo haina kazi tena, nikaitupa kama nguo kuukuu.

Mzee Lohay akasema, "Ndama ambaye hajamaliza kunyonya amekuzidi ufundi, kwa sababu yeye anatumia alichonacho." Kisha akavua koti. "Lete patasi. Tunabandua."

Nilitegemea aniondoe kazini. Alikuwa na haki hiyo. Badala yake tulibandua pamoja, ndani na nje, mpaka tofali likaonekana. Tukapiga brashi, tukaosha kwa maji, tukaacha ukuta ukauke. Tukaosha tena, tukaacha, tukaosha mara ya tatu, maana chumvi ni kama mgeni aliyezoea, hatoki kwa kuambiwa mara moja. Mvua ilikuwa inakuja mchana, kwa hiyo tuliazima turubai la kuanikia ngano, tukalifunga kwenye bati, tukafanya kazi chini yake. Mama Paskalina na watoto walichota mchanga korongoni. Mimi nilichekecha. Mgongo haukugoma safari hii, hata kama ulitaka.

Hapo ndipo Mzee Lohay alinifundisha kazi ambayo kwa miaka mitatu nilikuwa naitazama bila kuiona. Alichukua chupa ya kioo, akatia mchanga nusu, akajaza maji, akatikisa, akaiweka juu ya jiwe. "Subiri," akasema. Baada ya muda mchanga ukakaa chini, na juu yake tope likajilaza kama malai juu ya maziwa. "Tope likiwa nene hivi, lipu itapasuka. Kaoshe tena." Nikaosha mpaka lile tope likabaki utando tu. Kisha akanionyesha kuulowesha ukuta kabla ya lipu, maana tofali kavu lina kiu, linainyang'anya lipu maji yake kabla haijashika. Koti la kwanza, yaani tabaka la kwanza la lipu, tulilirusha kwa mwiko, likabaki na makwaruzo, ili la pili lipate mahali pa kukamata. La pili tukalisawazisha kwa ubao mrefu, tukalisugua kwa kibao polepole. Niru alinikataza. "Ukuta unaong'aa unapendwa siku ya kwanza. Mimi nataka upendwe siku ya elfu."

Saruji ya mara ya pili ilitoka kwake. Alikuwa ameihifadhi mifuko yake kwa ajili ya sakafu ya nyumba yake mwenyewe. Akaileta, akaifungua, basi. Alikaa kwenye sakafu ya udongo mwaka mzima mwingine, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kunikumbusha. Mimi ndiye ninayejikumbusha. Mtu akinisifu kwamba nimejitengeneza mwenyewe, huwa naitikia kwa sababu ni kweli na napenda kusifiwa. Lakini kimoyomoyo najua nimesimama juu ya sakafu ya mtu.

Lipu ilipomalizika, Mama Paskalina aliinyunyizia maji asubuhi na jioni siku saba, kwa kibuyu, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Ukuta ukawa wa kijivu, mtulivu, sawa. Haukuwa shavu la mtoto. Ulikuwa mgongo wa mtu mzima.

Wazee wa ukoo wakaja siku chache kabla ya Krismasi, pamoja na katekista. Baran alitangulia. Nilisimama karibu na Mzee Lohay. Watu walikuwa wengi, kwa sababu habari ya ng'ombe ilikuwa imefika mpaka sokoni. Baran akaukaribia ukuta, akautazama juu na chini. Kisha, mbele ya watu wote, akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha ukutani, akakitia mdomoni.

Watu wakasogea karibu.

"Haina chumvi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyimwa kitu.

Mzee mkubwa wa ukoo, aliyekuwa na fimbo ya mzeituni, akamwambia, "Baran, umekuja kukagua nyumba au umekuja kula? Ukiwa na njaa, mama ameshapika."

Watu walicheka mpaka katekista akajifunika uso kwa kitabu cha sala. Yule mzee akagonga ukuta kwa fimbo mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu, ameinamisha sikio. Lipu ikajibu kwa sauti ngumu, ya kushikana. Akaingia ndani, akagonga tena. Akatoka akasema, "Nyumba imesimama. Mama huyu yuko kwake, na asiulizwe tena. Tusali."

Mama Paskalina hakulia wala hakupiga vigelegele. Alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, akabaki ameishika sala nzima. Ilipofika kugawa maziwa, aliwapa wazee, halafu akaniita mbele yao wote. Nilijua sasa atasema. Alikuwa na haki ya kuniumbua. Akanipa kibuyu akasema, "Huyu ndiye fundi wangu." Kisha akaendelea kugawa.

Mwanangu, nimepokea sifa nyingi tangu siku hiyo. Hakuna iliyonifikia moyoni kama maneno yale manne. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi niliangukia kwa watu walionifunga guu langu kabla halijavimba. Mwaka uliofuata Baran mwenyewe alituma mtu aniite nimpigie lipu nyumba yake. Nikaenda. Mchanga aliuonja yeye mwenyewe, nami nikamwacha.

Mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa, kazi zilimiminika Babati: ofisi, nyumba za watumishi, maduka. Nilikuwa tayari nina vijana wangu. Siku moja lori likamwaga mchanga mzuri ajabu, mweupe. Nikachota chembe nikatia mdomoni. Mkaguzi wa kazi, kijana msomi aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, akasema, "Mzee anakula mchanga." Nikamwambia, "Mimi naonja tu. Nyumba yako ndiyo itakayoula." Akaonja na yeye. Akatema chumvi, akamwambia dereva aukusanye wote. Tangu siku hiyo alikuwa ananiamkia shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa nasaha yangu, nikuambie bila kuizungusha.

Siku hizi kuna poda za kila aina za kufanya ukuta uteleze. Jipsamu, saruji nyeupe, sijui nini na nini. Sizikatai. Nyingine nzuri, nazitumia mwenyewe ndani ya nyumba, mahali pasipofikiwa na maji. Lakini usianze na mfuko. Anza na ukuta. Uulize umejengwa kwa nini. Ukiwa wa udongo mbichi usiuvike saruji kali, maana udongo unapumua na saruji hiyo haipumui; watagombana, na saruji ndiyo itakayobanduka. Upe lipu ya udongo yenye chokaa, wala usione haya, bibi zetu walijua. Ukiwa wa tofali la kuchoma, ulioshe na uunyweshe maji. Halafu uliza mchanga unatoka wapi. Utikise kwenye chupa. Uonje. Ulaini hauletwi na koti la mwisho. Koti la mwisho linaonyesha tu yaliyofanyika chini yake, na likipigwa juu ya uongo, mvua itakuja kusema.

Na ulichojifunza kabla ya kuwa fundi, usikitupe. Kama umechunga, umechunga. Kama umelima, umelima. Ipo siku kazi itakuuliza swali ambalo jibu lake umeliacha malishoni.

Mwenye nyumba akikuuliza, mjibu. Ukiwa hujui, sema hujui. Ukiharibu, usishike njia ya Basotu. Rudi ubandue. Nami nakuomba jambo moja zaidi: ukimkuta kijana ameharibu, mwonjeshe, kisha vua koti umsaidie. Hiyo ndiyo njia pekee niliyoipata ya kumlipa Mzee Lohay.

Nyumba ya Mama Paskalina ipo. Nilipita mwaka jana kumsalimia, ni bibi mzee sasa, wajukuu wamechora ukuta kwa mkaa, lakini lipu haijaachia hata mahali pa ukubwa wa unyayo wa kuku. Niliugonga kwa vidole, ukanijibu.

Nenda basi, mwanangu, ukafanye kazi. Mungu akujalie mchanga safi na mgongo wa kuuchekecha. Akujalie mwenye nyumba anayekuuliza, na mwalimu atakayekuonjesha kosa lako mapema. Mvua za Hanang zikukute umeshamaliza. Na ng'ombe wote wa nchi hii, wenye kiu ya chumvi, wapite kwenye kuta zako, wanuse, waende zao.